Imesambaa au haijasambaa?

Siku shangazi yangu alipotolewa titi la kushoto, ndugu tuliokuwa tumekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji hatukumuuliza daktari uvimbe ulikuwa na ukubwa gani. Tulimuuliza neno moja tu: "Imesambaa?" Akatujibu kwamba tezi mbili za kwapani zilikutwa na saratani, zimetolewa, na kwamba picha hazionyeshi kitu kingine mwilini. Tukamshukuru Mungu, tukashuka kutafuta uji wa kumpelekea wodini.

Miaka mitatu baadaye akaanza kulalamika mgongo. Alikuwa mkulima wa mpunga, kwa hiyo kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, alisema ni jembe. Akachuliwa kwa mafuta ya nazi. Akapewa vidonge vya maumivu kwenye zahanati. Akawa anajifunga kanga kiunoni kwa nguvu kabla ya kuinama. Alipokuja kupigwa picha, pingili tatu za uti wa mgongo zilikuwa zimeshaliwa, na waliosoma majibu wakatuambia kwamba kilichozila ni saratani ile ile ya titi. Titi lenyewe halikuwepo tena mwilini, lakini seli zake zilikuwa zimeondoka mapema kabla ya kisu kufika.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia elimu ya kusambaa kwa saratani kama mtu anayefuatilia kesi ya ndugu yake. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali letu la pale kwenye benchi ni swali bora kuliko lile ambalo majaribio mengi ya dawa za saratani yamekuwa yakiuliza kwa miongo mingi. Majaribio huuliza: uvimbe umepungua? Ndugu wa mgonjwa huuliza: imesambaa? Mambo haya mawili ni tofauti, na ushahidi wa tofauti hiyo uko kwenye jeni zetu wenyewe.

Kusambaa ni kazi ngumu kwa seli ya saratani. Lazima ijing'oe kwenye uvimbe ilikozaliwa, ipenye ukuta wa mshipa, ielee kwenye damu bila kuuawa na askari wa mwili wala kupasuliwa na mwendo wa damu yenyewe, itoke upande wa pili, halafu ianze maisha mahali ambapo kila kitu ni kigeni. Mwaka 1970 Isaiah Fidler, mtafiti wa Marekani, alizitia seli za saratani alama ya mionzi, akazichoma kwenye mishipa ya panya, kisha akahesabu. Baada ya siku moja, hata moja katika mia haikuwa hai. Na katika hizo chache zilizonusurika, ni chache zaidi zilizofanikiwa kuota uvimbe. Miaka mingi kabla yake, mwaka 1889, daktari wa upasuaji wa London aitwaye Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Akaona ini limeshambuliwa mara nyingi sana na wengu mara chache mno, ingawa wengu nao hupata damu tele. Akahitimisha kwamba mbegu huchukuliwa kila upande, lakini huota pale tu penye udongo unaoikubali.

Kwa hiyo swali la mtafiti likageuka. Badala ya kuuliza tu ni nini kinachoiwezesha seli kusafiri, wakaanza kuuliza ni nini kinachoizuia. Jibu la kwanza likapatikana Bethesda, Maryland, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, mwaka 1988.

Patricia Steeg alikuwa na seli za melanoma, saratani ya ngozi, zilizotoka kwenye uvimbe wa panya mmoja. Zilikuwa zimeoteshwa maabara na kugawanywa katika koo kadhaa. Zote ni ndugu wa baba na mama mmoja, lakini tabia zilitofautiana: koo nyingine ukizichoma kwenye panya hujaza mapafu vinundu, nyingine hukaa zilipo. Steeg na wenzake wakalinganisha ujumbe ambao jeni za kila ukoo zilikuwa zikitoa, wakitafuta ujumbe unaosikika upande mmoja na kufifia upande wa pili. Kipande kimoja kilijitokeza. Kwenye koo zisizopenda kusambaa kilisikika kwa nguvu, na kwenye zile kali kilikuwa kimefifia mara kumi hivi. Wakakiita NM23: herufi mbili za kuonyesha kuwa kimetoka upande wa zisizosambaa, na 23 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa namba yake kwenye orodha ya vipande. Mwaka 1991 kundi hilo likairudisha jeni hiyo ndani ya seli kali za melanoma, na uwezo wa seli hizo kusambaa kwenye panya ukashuka.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana watu wengi huchanganya. Jeni kama p53 na RB1, ambazo zimeandikwa sana, kazi yake ni kuzuia uvimbe usiote kabisa. Zikiharibika, seli huzaana ovyo. NM23 na wenzake ni kundi lingine. Kipimo cha kuingizwa kwenye kundi hili ni kwamba ukiirudisha jeni ndani ya seli ya saratani, uvimbe wa kwanza unaweza kuendelea kukua kama kawaida, lakini watoto wake hawaonekani kwenye viungo vingine. Jeni za namna hiyo zilizokwisha kutambuliwa ni zaidi ya 20.

Jambo la pili linanipa tumaini zaidi. Mara nyingi jeni hizi hazikutwi zimevunjika kwenye uvimbe uliosambaa. Zipo, maandishi yake yako sawasawa, ila zimenyamazishwa. Seli imezibandika alama za kikemikali zinazowazuia wasomaji wa jeni wasizifikie. Kitu kilichovunjika ndani ya mabilioni ya seli ni shida kukitengeneza, lakini kilichonyamazishwa kinaweza, angalau kwa hoja, kuamshwa kwa dawa.

Kisa cha KISS1 ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na sitakipita haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kundi la Danny Welch huko Hershey, Pennsylvania, lilichukua seli kali za melanoma ya binadamu na kuziongezea kromosomu ya 6 nzima. Wakazichoma chini ya ngozi ya panya. Uvimbe ukaota, ukanenepa kama ule wa seli zisizoongezewa kitu. Lakini walipofungua mapafu, walikuta meupe, hayana vinundu. Panya wa kundi la pili, waliochomwa seli za awali, mapafu yao yalikuwa yamejaa. Mwaka 1996 wakatangaza jeni waliyoipata katika kufuatilia jambo hilo, na kwa kuwa mji wa Hershey unajulikana kwa chokoleti ziitwazo Kisses, jeni ikabatizwa KISS1. Cha kushangaza, jeni yenyewe haikuwa kwenye kromosomu ya 6. Inakaa kromosomu ya 1. Kilichokuwa kwenye ya 6 ni mwenye ufunguo wa kuiwasha, yaani mlango uko nyumba hii na ufunguo wake uko kwa jirani.

Kisha wakauliza: seli hizi zilizotulizwa zinashindwa kutoka kwenye uvimbe? Wakazitia rangi ya kung'aa ili wazifuatilie. Wakakuta zinatoka, zinasafiri, zinafika mapafuni salama. Zikishafika, zinakaa. Seli moja moja, hai, imetulia kwenye nyama ya pafu, haizaani. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikumbuka zile pingili tatu za shangazi na ile miaka mitatu ya picha zisizoonyesha kitu. Siwezi kusema jeni gani ilizima ndani ya mifupa yake. Lakini nilielewa kwamba "picha hazionyeshi kitu" si sawa na "hakuna kitu".

KISS1 iliwapeleka wanasayansi pengine kabisa. Mwaka 2003 makundi mawili, moja la Ufaransa na jingine la Marekani, yaligundua kwamba watu wenye hitilafu kwenye kipokezi cha ujumbe wa jeni hiyo hawabalehe. Jeni iliyotafutwa kwenye melanoma ndiyo inayoukaribisha mwili kwenye utu uzima! Na wakati wa ujauzito, damu ya mama hujaa protini yake kwa wingi wa ajabu, inayotoka kwenye kondo la nyuma. Ukitafakari, inaleta maana. Kondo la nyuma ni nyama changa inayochimba ukuta wa kizazi na kufungua mishipa ya damu ya mama, tabia inayofanana sana na ya saratani. Lazima kuwe na wa kuliambia "ishia hapo". Mwili wa kila mama aliyebeba mimba umeshawahi kuifanya kazi ambayo sisi tunaitafutia dawa.

Kuna na KAI1, iliyotangazwa mwaka 1995 kutokana na utafiti wa saratani ya tezi dume, ambayo jina lake linatokana na maneno ya Kichina yenye maana ya kupinga saratani. Mwaka 2006 ilionyeshwa njia mojawapo inayotumia. Protini ya KAI1 hukaa juu ya ngozi ya seli, na seli ya saratani iliyo nayo inapoingia mshipani hukutana na protini iitwayo Duffy kwenye ukuta wa mshipa. Wawili hao wakishikana, seli hupokea amri ya kuacha kuzaana. Msomaji wa Afrika huenda ameshalisikia jina la Duffy kwenye habari za malaria: wengi wetu hatuna protini hiyo kwenye chembe nyekundu za damu, na ndiyo sababu malaria ya vivax hutupata kwa nadra. Ieleweke kwamba upungufu huo ni wa chembe nyekundu. Kwenye kuta za mishipa tunayo kama watu wengine.

Basi, kama haya yamejulikana muda wote huu, dawa iko wapi?

Dawa moja ilijaribiwa, na wanawake wa Afrika Mashariki wanaifahamu kuliko wanavyodhani. Kundi la Steeg liligundua kwamba medroksiprojesteroni huipandisha NM23 kwenye seli za saratani ya matiti. Hii ni dawa ile ile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango, sindano ya miezi mitatu, inayochomwa kliniki zetu kila siku. Kwenye panya waliokwisha kuwa na mbegu za saratani mapafuni, iliyapunguza madhara. Mwaka 2005 matokeo yakachapishwa, kisha likaja jaribio kwa wanawake wa Marekani, wakipewa vidonge vya dozi kubwa kila siku. Matokeo yalikuwa hafifu. (Nisisitize, maana najua maneno yanavyosafiri kwenye makundi ya WhatsApp: hakuna popote palipothibitishwa kwamba sindano ya uzazi wa mpango inakinga saratani ya matiti, na anayeitumia aendelee kuijadili na muuguzi wake kama njia ya kupanga uzazi tu.)

Lakini tazama ni akina nani waliopewa. Walikuwa wanawake ambao saratani ilikuwa imeshasambaa na kukataa dawa za awali. Na kilichopimwa, kama ilivyo desturi, kilikuwa ni kama vimbe zao zimepungua au zimesimama. Jeni ambayo sifa yake yote ni kuzuia safari ilipelekwa kwa msafiri aliyekwisha fika, akajenga, akazaa wajukuu, kisha ikaulizwa kwa nini haijambomolea nyumba. Mimi siiiti hiyo hukumu ya haki juu ya wazo zima. Steeg mwenyewe ameandika kwa miaka mingi kwamba mpangilio wa majaribio unaziua dawa za kuzuia kusambaa kabla hazijafika mahali zinapofaa: ili dawa ikubaliwe kupimwa kwa wagonjwa wa mapema, kwanza lazima ionyeshe kupunguza vimbe kwa wagonjwa wa mwisho. Dawa isiyopunguza uvimbe, ila ingeuzuia kuhama, huanguka kwenye mtihani ambao si wa somo lake.

Wanaotetea utaratibu huo wana hoja, na si ya kupuuza. Jaribio la kuzuia kusambaa linahitaji watu wengi na miaka mingi, kwa sababu unangoja kitu kisitokee. Gharama yake ni kubwa. Unampa dawa mtu anayejisikia mzima, ambaye pengine saratani isingemrudia, na madhara ya dawa anayabeba yeye. Tena jeni zenyewe si malaika. NM23, inayotuliza melanoma, imekutwa kwa wingi kwenye neuroblastoma kali, saratani ya mishipa ya fahamu ya watoto. Anayetangaza kuwa "jeni ya kuzuia saratani imepatikana", kana kwamba ni ufunguo mmoja wa milango yote, anawadanganya wagonjwa. Na huku kwetu wapo wanaouza chupa za majani kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Hata hivyo, jambo moja limekwisha kuonyesha kwamba kipimo kinaweza kubadilishwa. Februari 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha apalutamidi kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyokaidi tiba ya homoni lakini ambayo bado haijaonekana kusambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mamlaka hiyo kuidhinisha dawa kwa kigezo cha muda ambao mgonjwa anaishi kabla saratani haijaonekana kwingine. Waliopewa dawa walikaa miezi 40.5 kwa wastani wa kati, na wasiopewa miezi 16.2. Wakosoaji walisema kuchelewesha kitu kwenye picha si lazima kurefushe maisha. Watafiti wakaendelea kufuatilia, na hesabu ya mwisho ikawa miezi 73.9 ya uhai dhidi ya 59.9. Apalutamidi haigusi jeni ninazozizungumzia, yenyewe huzuia homoni ya kiume. Ninaitaja kwa sababu wakubwa wa dawa, safari hii, waliuliza swali la benchi: imesambaa?

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa saratani ya matiti wanaofika Ocean Road, taasisi ya saratani pale Dar es Salaam, wamekuwa wakifika katika hatua ya tatu na ya nne. Utafiti mmoja uliowafuata wanawake wenye saratani ya matiti katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, ulichapishwa mwaka 2020: baada ya miaka mitatu ni kama nusu tu waliokuwa hai. Wapo watakaosema kwamba katika hali hiyo kuzungumzia NM23 ni anasa, tuzungumzie usafiri wa kufika hospitali na kipimo cha kipande cha uvimbe kinachotoa majibu ndani ya wiki badala ya miezi. Nakubaliana nao juu ya usafiri na kipimo, ila siuoni ugomvi. Dawa ya kuzuia kusambaa, ikija, itamfaa mtu aliyegunduliwa kabla safari haijafika mbali. Nchi isiyoweza kumpata mwanamke akiwa na uvimbe wa sentimita mbili haitakuwa na mtu wa kumpa dawa hiyo. Na nchi ambayo maabara zake hazihifadhi vipande vya uvimbe vizuri haitaweza hata kuchangia kujua jeni zipi zimenyamaza kwenye saratani za watu wake. Hilo linatuhusu, kwa sababu miongoni mwa wanawake wa Kiafrika aina ya saratani ya matiti isiyo na vipokezi vitatu, ile inayokataa dawa za homoni, hutokea kwa kiwango kikubwa kuliko kwa Wazungu, na ndiyo yenye haraka ya kuhama.

Mara ya mwisho nilipokaa na shangazi, akiwa ameegemea mito miwili, aliniuliza, "Hivi mwanangu, ile miaka niliyokuwa nalima, ilikuwa imelala wapi?" Nikamwambia kwenye mifupa, shangazi, na hakuna aliyeweza kuiona. Akatikisa kichwa akasema angalau mpunga ulitoka vizuri miaka hiyo.

Miaka hiyo mitatu ndiyo ninayoifikiria nikisoma kuhusu seli zinazong'aa kwenye mapafu ya panya, zimefika na zimekaa kimya. Hapo ndipo dawa ya namna hii ingekuwa na kazi. Lakini kwa jaribio linalopima uvimbe kwa rula, shangazi katika miaka ile hakuwa mgonjwa wa kuandikishwa. Hakuwa na uvimbe wa kupimwa. Alianza kustahili siku mgongo ulipovunjika.